Zbigniew Cybulski: miwani tu au jamaa alijua kazi?

Mtazamaji: Wakuu habari. Nimeangalia muvi ya Poland ya 1958, Popiół i diament ya Andrzej Wajda, aisee yule jamaa wa miwani nyeusi, Zbigniew Cybulski, kanimaliza. Nikisoma habari zake ni James Dean wa Poland, James Dean wa Poland (yule staa wa Hollywood aliyekufa kijana), halafu kifo chake basi. Hivi jukwaani alifanya lolote au ni sura tu?

Pazia: Mkuu jukwaa ndo lilitangulia. Kamaliza chuo cha maigizo Kraków 1953, akaenda Gdańsk kwenye teatro ya Wybrzeże, na hukohuko yeye na rafiki yake Bogumił Kobiela wakaanzisha kundi la maigizo la wanafunzi, Bim-Bom, mambo ya mafumbo na vichekesho maana enzi za ukomunisti huwezi kuropoka tu. Kobiela yumo humohumo kwenye muvi uliyoangalia, ndo yule anayelewa anaharibu sherehe ya wakubwa 😂

Na miwani ina maana yake, Maciek, yule anayemcheza kwenye muvi, macho yaliharibika kwa kukaa kwenye mitaro ya maji machafu wakati wa uasi wa Warsaw 1944 dhidi ya Wajerumani. Ila nguo sasa, stori ni ya Mei 1945 lakini jamaa kavaa kama kijana wa mtaani wa 1958, ndo maana vijana wa kule walijiona wenyewe mle ndani.

Mama K: Mimi ile sehemu ya baa, anasukuma glasi za pombe moja moja juu ya kaunta anaziwasha moto, kila glasi ni mwenzao aliyekufa vitani, na yeye anacheka! Hapo ndo nilijua huyu ni muigizaji.

Pazia: @Mama K umemaliza, kile kicheko ndo kinauma.

Reli: Mi hilo la James Dean silikubali kabisa. Dean kafa na miaka 24, Cybulski 39, tarehe 8 Januari 1967 stesheni ya Wrocław, karukia treni ya Warsaw ikiwa inaondoka, akateleza. Tofauti ni kwamba huyu alishapata muda wa kucheza watu wazima. Tafuta muvi yake Jak być kochaną ya 1963, humo anacheza muigizaji aliyefichwa na mwanamke miaka ya vita, dhaifu, mlevi, anajisifu ushujaa ambao hakuufanya, hutampenda hata kidogo. Anza na hiyo kabla ya muvi yake nyingine, Rękopis znaleziony w Saragossie, ile ni masaa matatu na stori ndani ya stori, utapotea.