Nyota ya babu wa Keya

Wakubwa, shikamooni. Babu yangu wa hapa Bombo, Uganda, alikuwa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), batalioni ya 4, akaenda kupigana Burma. Katika sanduku lake la bati nimekuta nishani yake, nyota ya shaba yenye pembe sita, mkanda wa ngozi ulioota ukungu, na risasi tatu zenye kutu. Nyota niisugue kwa Brasso, ile dawa ya kung'arisha shaba?

— Tupa hiyo Brasso! Ule weusi ndio umri wake, ukiusugua haurudi. Mkanda ufute kwa kitambaa kikavu, uuanike kivulini.

— Ndugu, risasi usiziguse hata kwa mzaha. Waite polisi.

— Polisi wamezichukua. Nyota bibi kaificha, eti nitaiuza sokoni Owino, Kampala.