Mrejesho: majibu ya kipimo cha lehemu

Wakuu, niliuliza hapa: baba alifariki ghafla kwa moyo akiwa na miaka 51, kipimo changu cha kawaida cha lehemu (kolesteroli) kiko sawa, je, nipime zaidi? Asanteni sana mlionisukuma.

Damu nilitoa hapa Kigoma, sampuli ikapelekwa Dar. Majibu niliyasomea sokoni Mwanga, nimesimama, karatasi inatetemeka mkononi. Apolipoprotini B, inayoonyesha wingi wa chembe zinazobeba lehemu mbaya, ilikuwa miligramu 124 kwa desilita. Lipoprotini (a), aina nyingine ya chembe zinazobeba lehemu, ilikuwa nanomoli 190 kwa lita, na kuanzia 125 tayari iko juu. Hii ya pili ni ya kurithi, mawese ya mama hayana kosa hapo, na kwa wengi inatosha kuipima mara moja maishani.

Daktari kanianzishia atovastatini, dawa ya kushusha lehemu. Haishushi hiyo ya kurithi, ila inapunguza zile chembe nyingine ili mishipa ipumue. Baada ya miezi mitatu, 124 imekuwa 78! Mgebuka sasa nakula wa kuchoma. Wadogo zangu nao lazima wapime. Wa Ujiji anaenda Jumatatu, nitamsindikiza mwenyewe.