Seva tatu, IP moja ya nje, faiwali moja: nifanyeje? (Moshi)

MwalimuRau
Habari za jioni wakuu. Nafundisha kompyuta kwenye sekondari moja hapa Moshi, na mambo ya mtandao wa shule yote yako mikononi mwangu. Tuna seva tatu: tovuti ya shule, mfumo wa matokeo wanaoingia wazazi, na maktaba inayotumia Koha (programu ya maktaba). Zote zimekaa nyuma ya ruta moja ya MikroTik ambayo ndiyo faiwali yetu (mlinzi wa mtandao), na IP ya nje, yaani anwani yetu kwenye intaneti, tunayo moja tu.

Tovuti nimeipa poti (namba za milango ya kuingilia) 80 na 443, matokeo 8080, maktaba 8081. Nikiwa nyumbani Rau vyote vinafunguka. Ila tangu matokeo ya muhula yatoke simu haitulii. Kuna mama yuko Dar, mtandao wa ofisini kwao unaruhusu 80 na 443 pekee, ukurasa unazunguka hadi unakata. Mzazi mwingine alisahau kuandika ile 8080, akatua kwenye tovuti ya kawaida, akaamini mwanawe amezuiwa matokeo kwa sababu ya ada. Hilo limeniuma sana. Tena ukurasa wa matokeo hauna cheti cha kusimba mawasiliano (https), kwa hiyo nywila za wazazi zinapita wazi.

Nimeshauriwa ninunue IP mbili zaidi, za kulipia kila mwezi. Shule haina hela hiyo. Naomba msaada.

FundiKijenge
Pole mwalimu. IP usinunue.

Faiwali inapoelekeza poti inatazama namba tu, haijui mgeni kamfuata nani. Ndiyo maana 443 ya IP moja huishia kwenye mashine moja. Lakini kivinjari kikibisha hodi kinataja jina la tovuti. Kwenye HTTP jina liko kwenye kichwa cha Host, na kwenye TLS (mawasiliano yaliyosimbwa ya https) linatajwa mwanzoni kabisa, kabla cheti hakijatolewa (hiyo ndiyo SNI). Unachohitaji ni mashine moja ya mapokezi inayosoma jina hilo na kumpeleka mgeni kwa mwenyeji wake. Inaitwa riversi proksi. Programu ya Nginx inatosha, HAProxy na Caddy nazo zinafanya kazi hiyo.

Kwenye DNS (orodha inayogeuza majina kuwa IP) tengeneza majina matatu, mfano matokeo na maktaba mbele ya domeini ya shule, yote yaelekee IP ileile. Kwenye MikroTik, 80 na 443 ziende kwa proksi peke yake. Ndani ya Nginx kila jina linakuwa na server_name yake na proxy_pass inayoelekea IP ya ndani ya seva husika. Vyeti chukua Let's Encrypt, ni bure. Havidumu muda mrefu, kwa hiyo weka vijihuishe vyenyewe, na poti 80 usiifunge maana uhakiki wa kawaida kwamba jina ni lako unapitia hapo.

SakinaBiashara
Kwa nini usihamishie vyote kwenye seva ya kukodi nje ya nchi? Umeme wetu unaujua.

MwalimuRau
Mkuu, intaneti ikikatika watoto bado wanatafuta vitabu kwa mtandao wa ndani. Maktaba siitoi. Matokeo nayo ni taarifa za watoto, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Napenda yakae ninapoyaona.

DadaSwichi
Mwalimu, nakuunga mkono, ila kuna jambo lililonitesa mwenyewe. Ukishaweka proksi, seva ya matokeo itaona wageni wote wanatoka IP moja, ya proksi. Kama mfumo unafungia IP baada ya nywila kukosewa mara kadhaa, mzazi mmoja akisahau yake anawafungia wazazi wote. Pitisha X-Forwarded-For (kichwa kinachobeba IP halisi ya mgeni), na uuambie mfumo uiamini ikitoka kwa proksi tu, maana mtu yeyote anaweza kuighushi.

Pia tenga seva kwenye VLAN yao (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao), mbali na kompyuta ya mhasibu. Seva moja ikivamiwa, isiwe ngazi ya kufikia mishahara. Na Koha ina kurasa mbili: ya wasomaji ipitishe, ya wakutubi ibaki ndani.

MwalimuRau
Mrejesho. Nimeshinda nayo Jumamosi yote. Mama wa Dar amefungua matokeo akiwa kazini, cheti kipo, na 8080 na 8081 nimezifunga. Asanteni sana.

Kumebaki moja: nikiwa maabara hapa shuleni, nikiandika jina la matokeo inakuja kurasa ya kuingilia MikroTik! Nje hakuna shida.

FundiKijenge
Hongera. Hiyo ni kwa sababu uelekezaji wako wa poti unahusu wanaoingia kutoka upande wa nje. Wa ndani akiita IP ya nje, anajibiwa na ruta yenyewe. Kwenye DNS ya MikroTik weka majina yale matatu kwa mkono, yaelekee IP ya ndani ya proksi, na kompyuta za maabara zitumie DNS hiyo.

Halafu hakikisha hiyo kurasa ya ruta haifikiki kutoka nje, pamoja na Winbox (programu ya kusimamia MikroTik). Fanya leo hii.

MwalimuRau
Imekubali, maabara yote inafungua. Winbox ilikuwa wazi kwa nje, kaka. Nimeifunga sasa hivi.