Page Fence Giants wa Adrian: wahesabiwe au wasihesabiwe?

Mtoto wa Bukavu (Grand Rapids)
Wandugu, mada hii tulibishana kazini hadi mapumziko yakaisha, naileta kwenu. Mnajua mwaka 2020 Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ilitangaza kwamba ligi za watu weusi za 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kuu, na 2024 takwimu zao zikaingizwa kwenye daftari moja na za wengine. Ndipo Josh Gibson, nyota wa ligi za weusi, akampita Ty Cobb wa ligi za wazungu kwa wastani wa kupiga, .372 kwa .367. Sawa kabisa. Ila kwa nini waanzie 1920? Huku Michigan kuna mji mdogo, Adrian. Mwaka 1895 ulikuwa na timu mbili: Adrian Demons, waliocheza ligi ndogo ya jimbo, na Page Fence Giants, weusi watupu, wakibeba jina la kiwanda cha uzio wa waya. Mwaka ule Giants walishinda michezo 118, wakapoteza 36. Daftari haliwatambui kwa sababu hawakuwa na ligi. Mimi nasema wahesabiwe. Nyinyi je?

Mchambuzi wa Magomeni
118 dhidi ya nani? Vikosi vya miji midogo ambako mrushaji asubuhi anauza duka. Walipokutana na timu ya ligi kuu, Cincinnati Reds, mwezi wa nne mwaka huohuo walifungwa mara mbili. Halafu timu inaingia mjini kwa baiskeli, inazunguka mitaa kuita watu. Ile ilikuwa sarakasi yenye mpira ndani yake. Ligi ni ratiba, waamuzi na msimamo. Bila hivyo ni ndondo tu.

Binti Tanga
Sarakasi? Kaka, hilo neno limeze. Baiskeli zilitoka kwa kampuni ya Monarch, ilikuwa tangazo, kila mtu anajua. Walishuka stesheni, wakazipanda na jezi zao mpaka uwanjani ili mji mzima ujue leo kuna mchezo. Mji usipojua, watu hawaji. Watu wasipokuja, hakuna mshahara. Walisafiri na behewa lao lenye vitanda na mpishi. Unadhani ni anasa? Hoteli ngapi zingewapokea mwaka 1895?

Kisauni 001
Dada asante. Huku kwetu Mombasa timu ya mtaa ikiingia fainali, matarumbeta yanatangulia na pikipiki zinafuata zimejaa watoto, na hakuna aliyewahi kuita hiyo sarakasi. Mchambuzi anadharau baiskeli kwa sababu yeye huenda mpirani kwa gari.

Mchambuzi wa Magomeni
Gari langu limeingiaje hapa? Mimi hupanda mwendokasi kama watu wengine. Sijatukana mtu. Nimesema ilikuwa biashara. Na behewa tusiite "lao", lilikuwa la wenye fedha. Aliyeshika hesabu njiani alikuwa mzungu, Gus Parsons. Isitoshe hiyo "timu ya Adrian" ilicheza nyumbani mara ngapi? Karibu msimu wote wako njiani. Timu ya kiwanda si timu ya mji.

Mzee wa Turiani
Hapo sasa umenigusa. Mtibwa Sugar tulichukua ubingwa wa Bara 1999, tukarudia 2000, Simba na Yanga wakitazama. Timu ya kiwanda ile. Siku ya mchezo mashamba ya miwa hayana mtu. Kijana, unataka kuniambia sisi Turiani hatukuwa na timu?

Mchambuzi wa Magomeni
Shikamoo mzee. Lakini Mtibwa walikuwa ndani ya ligi, kwa hiyo umenisaidia hoja yangu.

Mzee wa Turiani
Marahaba. Sijakusaidia chochote. Nijibu la kiwanda.

Mpenda Takwimu (Minneapolis)
Niweke jambo moja. 1920 haikuokotwa njiani. Ndio mwaka Rube Foster na wenzake walikutana Kansas City wakaunda ligi ya weusi, Negro National League: ratiba, klabu wanachama, mshindi wa msimu. Kamati ya Ligi Kuu iliyopitia takwimu ilihitaji kitu cha kupimia. Kwa Giants tuna jumla ya ushindi, lakini nguvu ya wapinzani wao utaipimaje? Ukimwingiza Grant Johnson, mchezaji wa Giants wa 1895, utalinganisha wastani wake na wa nani? Hili halina uhusiano na baiskeli.

Kisauni 001
Baiskeli ndiyo iliyoleta ugomvi, usiikwepe. Na mbona mnahangaika na 1895? Mweusi wa kwanza kwenye ligi kuu si Jackie Robinson, Brooklyn, 1945?

Binti Tanga
Robinson alicheza Montreal, ligi ndogo, 1946, ndipo Brooklyn 1947. Na hakuwa wa kwanza. Fleetwood Walker alicheza Toledo 1884, ligi kuu ya wakati ule. Kabla yake kuna Bud Fowler, alilipwa kucheza tangu 1878. Huyo Fowler ndiye aliyeianzisha Page Fence Giants pamoja na Grant Johnson.

Mchambuzi, unadai ligi, sawa. Fowler alikuwa kwenye ligi. Mwaka 1887 alikuwa timu ya Binghamton, na wachezaji wa timu yake mwenyewe wakagoma kucheza naye. Tarehe 14 Julai mwaka huo wakubwa wa ligi hiyo, International League, wakapiga kura: hakuna mkataba mpya kwa mchezaji mweusi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijifunga vipande vya mbao kwenye miundi, kwa sababu wapinzani walikuwa wakimrukia na njumu miguu mbele kila wakiteleza kuja kwenye kituo chake. Mtu huyo akafukuzwa kwenye ligi, akaunda timu yake, leo unamwambia takwimu zake hazihesabiki kwa kuwa hana ligi!

Mchambuzi wa Magomeni
Usinipandishie sauti, si mimi niliyepiga kura 1887. Dhuluma ni dhuluma, nakubali kwa moyo wote. Lakini daftari halilipi fidia. Fowler ameshaingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli, 2022, palepale Cooperstown alipokulia. Hiyo ndiyo njia yake. Ukiweka namba zisizopimika, kesho mtu atazidharau hata za Gibson.

Mpenda Takwimu (Minneapolis)
Hapo nakuunga mkono. Na tusiisahau timu ya pili, Demons. Katikati ya 1895 Fowler aliwaacha Giants akaenda kwao, kwenye ligi ya jimbo, miaka minane baada ya ile kura. Msimu huohuo Honus Wagner, mzungu aliyekuja kuwa nyota wa ligi kuu, naye alivaa jezi ya Demons, kijana wa miaka 21. Weusi na wazungu kwenye kikosi kimoja, mji mdogo vile. Adrian ingejivunia hiyo kwanza.

Mtoto wa Bukavu (Grand Rapids)
Mimi niliuliza habari ya 1920, sasa tunachagua timu ya kujivunia. Haya, twende hukohuko. Demons ndio wa kujivunia kwa sababu walimkubali Fowler? Giants wenyewe ndio waliompa sababu ya kuja Adrian!

Mchambuzi wa Magomeni
Na 1898 Giants wakavunjika, wengi wakaenda Chicago kuwa Columbia Giants. Mfadhili akijitoa, timu inahama. Ndiyo maana nasema si ya mji. Takwimu za Fowler za Demons ziwekwe, ni za ligi. Za Giants hapana.

Binti Tanga
Kwa hiyo mtu mmoja, mji mmoja, mwaka mmoja. Akivaa jezi hii anahesabika, akivaa ile hahesabiki?

Mchambuzi wa Magomeni
Ndiyo. Na ningesema hivyohivyo mbele yake.

Kisauni 001
Mbele yake usingethubutu.

Mzee wa Turiani
Kijana wa Magomeni, bado nasubiri jibu la Mtibwa. Timu ya kiwanda si timu ya mji, umeandika mwenyewe hapo juu. Njoo Turiani uyaseme hayo sokoni, nauli nalipa mimi.