Vita vya Maziwa Makuu: lawama ni ya waliochora mipaka au ya viongozi wetu wenyewe baadaye?

Mleta mada, Mwanza

Wakuu, tangu waasi wa M23, wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda, wauteke mji wa Goma, mashariki ya Congo, Januari 2025, jibu ninalolisikia hapa Mwanza ni moja, iwe kwa wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba wanaotegemea wanunuzi wa Congo au ndani ya kivuko cha Kamanga: Wazungu walikaa Berlin wakatugawa, ndiyo maana tunauana. Naleta mada kwa sababu naona tunalimeza jibu hili bila kulitafuna, na linatupotosha tunapotafuta la kufanya.

Mkutano wa Berlin wa 1884–85 haukuchora mpaka wa ziwa letu, Victoria. Ulishughulika zaidi na biashara ya mito ya Congo na Niger, na masharti ya mataifa ya Ulaya kutambuana yanapotwaa pwani. Mpaka wetu ulitoka kwenye mapatano ya Uingereza na Ujerumani peke yao. Mwaka 1886 walivuta mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi ufukwe wa mashariki wa ziwa. Tarehe 1 Julai 1890 wakauvusha majini kwa kufuata latitudo ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ukaenda moja kwa moja hadi Congo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, isipokuwa pale ulipopindishwa kuuacha mlima Mfumbiro upande wa Waingereza.

Angalieni walichokuwa wanakitafuta. Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu 1882, na Waziri Mkuu Salisbury hakutaka taifa lingine la Ulaya lishike chanzo cha Nile. Ujerumani ilitaka Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita za mraba 2. Mwaka huo huo Mjerumani Karl Peters alikuwa amefika Buganda na kupata saini ya Kabaka Mwanga kwenye mkataba wa urafiki na Wajerumani. Serikali yake ikautupa mkataba huo kwa ajili ya mapatano na London. Mwanga hakuulizwa. Wakama wa Buhaya na watemi wa Usukuma hata kutajwa hawakutajwa. Bismarck mwenyewe, Kansela wa Ujerumani ambaye jina lake bado tunaliita kila tukilionyesha lile jiwe la majini pale mjini, alikuwa ameondoka madarakani tangu Machi. Aliyemaliza biashara hiyo ni mrithi wake, Caprivi.

Ilikuwa dhuluma, sina neno lingine. Lakini dhuluma hiyo peke yake haielezi vita. Mapatano hayo hayo yamewakata Wakurya na Wajaluo, nusu Tarime na Rorya, nusu Kenya, na Tanzania haijapigana vita na Kenya. Yamekata pia nchi ya kaskazini ya mto Kagera, na huko tulipigana. Kilichotofautiana ni Idi Amin. Jeshi lake lilikuwa linaasi, uchumi wake umekufa, naye akaliingiza Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kutangaza kwamba nchi yote hadi mtoni ni ya Uganda. Kisingizio alikikuta tayari tangu 1890, lakini amri ya kuvuka aliitoa yeye.

Na sisi tulifanya nini na urithi huo? Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Uingereza ilikuwa imeandikiana na Misri mwaka 1929 kwamba katika nchi ilizozitawala usijengwe mradi wa umwagiliaji wala wa umeme kwenye Nile, matawi yake na maziwa yake, ikiwa utaidhuru Misri na yenyewe haijaridhia. Julai 1962 serikali ya Tanganyika ikaziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba hati hizo haziifungi. Miaka miwili baadaye, Cairo, Mwalimu Nyerere ndiye aliyependekeza nchi za OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ziiheshimu mipaka iliyokutwa wakati wa uhuru. Yaani urithi wa maji tuliukataa, wa mipaka tukaupokea, na yote mawili tuliyaamua kwa hiari. Leo maji ya ziwa yanavutwa Ihelele, Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga. Kama tuliweza kuchagua wakati ule tukiwa taifa changa, kwa nini tunazungumza kana kwamba mwaka 1890 bado unatuendesha?

Mchangiaji, Bukoba

Mkuu, ukiwa Mwanza ni rahisi kusema mstari hauna kosa. Wazazi wangu walitembea kwa miguu kutoka Missenyi wakiwa na godoro na mtoto mgongoni. Mtu aliyewahi kuuona mto Kagera asingeuacha na kupitisha mpaka kwenye nyasi tupu za Mutukula. Kwa sababu ya rula ya watu wasiotufahamu, tuna kipande cha nchi cha kama kilomita za mraba 1,800 ng'ambo ya mto. Daraja la Kyaka lilipolipuliwa Novemba 1978, waliobaki upande ule walibaki na askari wa Amin.

Halafu umemtaja Amin kana kwamba aliota shambani. Waisraeli walilifundisha jeshi la Uganda. Uingereza ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kumtambua alipopindua nchi 1971. Alipogombana nao, Wasovieti wakampa vifaru na ndege. Mwishoni Gaddafi akampelekea askari. Ndege za MiG hazikuundwa Jinja.

Mleta mada

Pole kwa yaliyowapata wazazi. Kuhusu silaha, siwezi kubisha, maana mwaka 1979 Libya ilituma ndege ya Tu-22 kuipiga Mwanza hii, ikakosa shabaha. Lakini jeshi letu pia lilikuwa na silaha za Wachina na Wasovieti. Mizinga ya roketi ambayo Waganda waliiita saba saba haikuundwa Tanga. Silaha za wakubwa zilikuwa pande zote mbili, na aliyevuka mpaka kwanza ni mmoja.

Mchangiaji, Ngara

Mnabishana juu ya ardhi, na huku kwetu ubaya mkubwa ulikuwa kwenye karatasi. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, Uingereza na Ubelgiji ziligawana mali ya Mjerumani: sisi Uingereza, Rwanda na Urundi Ubelgiji. Mpaka wa Rwanda haukuwa tatizo kubwa, ule ulikuwa ufalme wa zamani. Wabelgiji wakaja na kitambulisho kilichoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mwaka 1994 kitambulisho hicho ndicho kilichosomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Ufaransa iliipa silaha na mafunzo serikali ya Rais Habyarimana wa Rwanda, kwa sehemu kwa sababu iliwaona waasi wa RPF waliotoka Uganda kama mkono wa Waingereza.

Mwisho wa Aprili 1994 kama watu 250,000 waliingia Ngara ndani ya saa 24. Maiti zilielea Kagera hadi ziwani, na ninyi wa Mwanza mnakumbuka watu walivyoogopa kula samaki. Usiniambie huo ni uamuzi wa viongozi wetu tu.

Mchangiaji, mwanafunzi wa sheria

Mleta mada, umeruka jambo moja. Mkataba huo huo wa 1890 uliweka mpaka wa Ziwa Nyasa kwenye ufukwe wetu, na Malawi wanausimamia kwa kutumia azimio hilo hilo la Cairo. Tanzania tangu 1967 inasema mpaka uko katikati ya maji. Kagera tunautetea mstari wa 1890, Nyasa tunaupinga. Je, msimamo wetu ni upi?

Mleta mada

Swali zito. Jibu langu ni kwamba hadi leo mgogoro wa Nyasa umebaki kwenye barua na mazungumzo, hata ulipopanda moto 2012 kwa sababu ya utafutaji wa mafuta. Ulipelekwa kwa jopo la marais wastaafu chini ya Chissano wa Msumbiji. Linakwenda polepole kweli, lakini wavuvi wa Mbamba Bay hawajahama kwa mizinga.

Ndugu wa Ngara, kuhusu kitambulisho nakubaliana nawe kabisa. Ndiyo maana nauliza juu ya Goma. Februari 2025 marais wa EAC na SADC walikutana Dar es Salaam kuijadili Congo. Juni 27, hati ya amani ya Rwanda na Congo ikasainiwa Washington, na madini yakiwa ndani ya mazungumzo. Kwa nini hati ile haikusainiwa Dar? Anayejua kilichokwamisha kati ya Februari na Juni aeleze hapa, tena awataje viongozi wetu waliohusika, si wa Marekani peke yao.