Yule wa bajaji ya pazia jekundu pale Kabwe, Mbeya, Mungu anakuona

Wakuu, naandika nikiwa nanuka mayai. Sijaoga, sijala, vidole vinatetemeka.

Mnamjua. Mwanjelwa nzima mnamjua. Pazia jekundu, honi inalia kama mbuzi anayechinjwa, mbele kapakia wawili, mwenyewe anaendesha kakalia tako moja. Huyo huyo.

Saa kumi na mbili jioni, Kabwe imefura. Nimebeba trei ya mayai, 30 kamili, nasubiri kwenye zebra. Semi la kutoka Tunduma likasimama. Narudia: SEMI limesimama. Dereva akawasha hazadi, akanipungia mkono nipite. Nikajiona waziri. Nimeshalimaliza semi, zimebaki hatua mbili tu niguse upande wa pili, kiumbe huyu akachomoka katikati ya semi na mtaro, pale pembeni ambapo hata paka anapita kwa kuomba radhi kwa mafungu ya nyanya.

Nikaruka. Mayai nayo yakaruka, ila kila mmoja alitua kwake.

Sasa sikilizeni. Alisimama! Kwenye zebra hakusimama, mbele akasimama, akatoa kichwa nje ya pazia akasema: "Mzee, zebra ni ya wanafunzi."

Mzee. Mimi. Nina miaka 34.

Abiria wake wakacheka mpaka bajaji ikayumba. Kutosimama kwenye zebra kuna faini, hiyo kila dereva anaijua kuliko jina la mkwewe. Je, "mzee" ni shilingi ngapi? Yamepona mayai manne. Mzee!

KandeBaridi: Nimesoma mara mbili. Kumbe shida siyo zebra, shida ni mzee. Pole mzee.

Mwaisa_Og: Shikamoo. Ulivaa kofia au kipara kilikuwa wazi?

Mleta uzi: Sina kipara. Ni paji pana, la ukoo. Na aliniona usoni kabisa, ndiyo akasema mzee!

TairiTatu: Mimi naendesha bajaji, siyo huyo. Ila na ninyi mnavuka mnachati. Barabara ni hiyo moja: malori ya Zambia na Kongo humo, daladala za Uyole na Mbalizi humo, mikokoteni humo. Nikisimama kila zebra hesabu ya bosi nitaipeleka saa ngapi?

Mleta uzi: Mikono miwili imeshika trei, nachati kwa pua?

Mwaisa_Og: Dawa ni ile barabara ya njia nne, Nsalaga mpaka Ifisi, kilometa 29.

KandeBaridi: Zikiwa nne, pazia jekundu atapita ya tano.

MnyaluWaChini: Mnadeka. Njooni Iringa, pale kutoka Ipogolo kupanda mjini. Lori limekata pumzi mbele yako, juu anashuka bodaboda kazima injini aokoe mafuta. KAZIMA. Breki yake ni soli ya kandambili. Juzi kanipita akinisalimia.

Mwaisa_Og: Alikusalimia? Sasa unalalamika nini?

MnyaluWaChini: Kandambili ilikuwa moja!

MamaViazi: Nimeona neno nyanya. Mnatusema sana sisi wa pembeni. Ndani ya soko mteja haingii, anataka anunue huku kashikilia mlango wa daladala. Nikikaa ndani nauza kwa nani, kwa nzi? Mimi mwenyewe wiki iliyopita bodaboda kapita juu ya sado yangu ya viazi, akaniambia mama panga vizuri.

TairiTatu: Bodaboda ndio wabaya, nimesema siku zote.

BodaSafi: Aliyeanza uzi kalalamikia bajaji. Soma juu.

KandeBaridi: Tuache hayo. Mzee, trei ulinunua bei gani?

Mleta uzi: Elfu kumi na moja. Ila wakuu turudi kwenye mada.

MamaViazi: Umepigwa. Sae nakupa tisa na nusu, tena mayai makubwa.

BodaSafi: Sae wapi? Karibu na kituo au ndani ndani?

MamaViazi: Njoo pm. Ukichukua trei tano nashusha.

MnyaluWaChini: Iringa yanafika?

BodaSafi: Nikuletee mimi, tuelewane nauli.

MnyaluWaChini: Utazima injini?

Mleta uzi: JAMANI. Kaniita mzee mbele ya watu!

MamaViazi: Tumekusikia mzee. Unataka ya kisasa au ya kienyeji?