Naomba ushauri: seli T saidizi huziwezeshaje seli T uaji?

Ndugu wadau wa elimu ya kinga ya mwili, naomba mnisaidie jambo lililonikwamisha ninapoandaa somo. Ninaelewa kwamba seli T saidizi, zenye alama ya CD4, hutoa sehemu kubwa ya msaada wao kupitia seli ya dendriti (seli ya kinga inayozionyesha seli T vipande vya vijidudu): saidizi hukishika kipokezi cha seli hiyo kiitwacho CD40, nayo seli ya dendriti, ikishaamshwa, hupata uwezo wa kuichochea ipasavyo seli T uaji, yenye alama ya CD8, ambayo huua seli zilizoambukizwa. Maelezo haya, yaliyoungwa mkono na majaribio ya panya mwaka 1998, yaliniridhisha mpaka niliposoma kwamba katika baadhi ya maambukizi, kama ya bakteria wa Listeria, seli uaji huongezeka vizuri hata pasipo msaada huo, ila kumbukumbu yao, yaani uwezo wa kuitikia haraka maambukizi yakirudi, huwa dhaifu. Nimechora mchoro wa hatua zote, nikaongeza na interleukini-2 (protini inayochochea seli T ziongezeke), lakini mishale inapingana, wala sidhani kosa ni la mkono wangu tu.

Je, ni sahihi kusema kwamba vijidudu vyenyewe huweza kuiamsha seli ya dendriti badala ya saidizi? Na kama ndivyo, msaada unaojenga kumbukumbu huhitajika lini hasa: wakati seli uaji inapochochewa mara ya kwanza, au baadaye?